Watu Kumi na Wawili Hawapandi

Redio ilisema mvua. Shigeno aliizima, akamalizia chai yake, akaiwasha tena kusikiliza taarifa iliyofuata, maana huenda mtangazaji alikuwa amesoma karatasi ya mkoa mwingine. Mtangazaji akarudia yaleyale kwa sauti ileile ya mtu aliyekwisha kula: keshokutwa upepo utageuka utoke kusini, joto litapanda, na mvua itanyesha hata huko milimani.

Katika bonde la Kosawa hakuna anayefurahia mvua ya mwezi wa pili. Mwaka ule, ndio uliofuata michezo ya Olimpiki ya Sapporo, theluji ilikuwa imeanguka siku kumi na moja bila kupumua. Kijijini watu walikuwa wakiingia majumbani mwao kwa madirisha ya ghorofani. Na huko juu, mwendo wa saa nne kwa miguu, nyumba ya wageni ya Shigeno ilikuwa imefungwa tangu majani yalipopukutika. Haikuwa na mtu ndani, na paa lake lilibeba theluji inayozidi kimo cha mtu. Theluji kavu paa huivumilia. Theluji iliyokunywa mvua ni mzigo mwingine kabisa. Tena boriti kuu ya paa lile ilikuwa na ufa tangu mwaka uliopita. Seremala aliutia kidole ule ufa, akasema boriti ibadilishwe theluji ikishayeyuka, akaegemeza gogo la mwerezi chini yake akaenda zake.

Nyumba ile, Iwanoyu kwa jina, ilikuwa na vyumba tisa na bwawa la mawe ambamo maji ya moto hububujika yenyewe kutoka ardhini. Mama mkwe wake alimwachia mumewe, na mumewe, alipokufa kitandani kwa ugonjwa wa moyo miaka sita nyuma, akamwachia yeye. Shigeno alikuwa na miaka hamsini na miwili. Paa likianguka, nguvu ya kusimamisha jingine hakuwa nayo. Angehamia Sendai kwa binti yake, kwenye vyumba viwili ghorofa ya nne, akakae dirishani kutazama madirisha ya wenzake. Hilo ndilo lililomtoa nje jioni ile, akapita nyumba hadi nyumba kuomba mtu mmoja mmoja wa kwenda kuondoa theluji paani. Kule kwao nyumba haikatai ombi hilo. Akapata wanaume kumi na wawili.

Waliondoka alfajiri, kila mtu na koleo lake la mbao mgongoni na viatu vya theluji vya matawi yaliyopindwa miguuni. Aliyetangulia alikuwa Kosaka Ihachi, mzee wa miaka sitini na minane, mwindaji wa dubu, mtu mwenye mwili mdogo na mikono mikubwa kama ya kuazima. Kazi yake ilikuwa kuchagua njia. Wengine walikanyaga alipokanyaga yeye. Nyuma yake kidogo alikuwa Tomekichi, mdogo wa marehemu mumewe Shigeno, dereva wa gari la posta, ambaye mdomo wake haukuwa na breki kama za gari lake. Shigeno alitembea katikati, amevaa suruali ya marehemu, nywele amezifunga ndani ya kofia.

Hali ya hewa ilikuwa nzuri, na hapo ndipo palipokuwa na udhia. Mbingu ilikuwa safi kama sahani, upepo umekufa. Mtu angesema ni siku ya kwenda kupiga picha. Lakini mara mbili, wakipita kwenye uwazi kati ya mierezi, theluji iliguna chini yao. Si kupasuka, si kuvunjika. Ni kule kuguna kwa mtu mzito anapojitupa kwenye godoro, na miguu ikahisi ardhi yote imeshuka kama unene wa kidole. Kila mmoja alisikia. Mara ya pili Ihachi alisimama, akachomeka fimbo yake hadi mwisho, akaichomoa taratibu, akaendelea kutembea. Shigeno alimtazama mgongoni, akaona mabega yake yamepanda kidogo. Akajiambia ni baridi.

Saa mbili baadaye walifika kwenye kibanda cha magogo, mwisho wa msitu wa buna, miti mikubwa ya majani mapana. Kando yake pana kijumba cha ibada kisichozidi sanduku la chai, na hapo ndipo mlima wenyewe unapoanzia. Mbele yake kuna Manaita, ubavu mweupe mtupu usio na hata kichaka, mpana kama hatua mia tatu, mwinuko wake kama paa la nyumba. Huko juu kabisa theluji ya upepo ilikuwa imejikunja ikaning'inia nje ya ukingo kama wimbi lililosahau kuanguka. Ukishavuka Manaita, Iwanoyu iko mwendo wa saa moja tu ndani ya miti minene, na hakuna tena cha kuogopa. Njia ya kupita mgongoni mwa mlima ipo, lakini ni ya watu wawili wepesi wa miguu, si ya kundi zima lenye makoleo, na ingekula mchana wote.

Kuvuka Manaita kulikuwa na taratibu zake. Unavuka kabla jua halijaugusa ule ubavu. Unalegeza kamba za mzigo ili ukibidi uutupe. Unajifunga kiunoni uzi mwekundu mrefu unaoburutika nyuma, ili theluji ikikufunika, uzi uonyeshe ulipo. Mnavuka mmoja mmoja, wengine wote mkiwa ndani ya miti mnamtazama yeye tu. Na ukipita lile sanduku la ibada, hutamki neno la kuporomoka, hata kama unasimulia habari za bei ya mchele.

Lakini kabla ya hayo yote kuna hesabu. Mama wa Mlima ana watoto kumi na wawili, na akiona watu kumi na wawili wanapanda huwadhania wanawe, akawaweka. Kwa hiyo watu kumi na wawili hawapandi. Wakitokea kuwa kumi na wawili, wanachonga mtu wa mti, jina lake siku zote ni Sansuke, wanambeba, wanamgawia chakula, naye anakuwa wa kumi na tatu.

Ihachi akavua kofia, akapita akigusa bega la kila mtu kwa ncha ya fimbo, midomo ikicheza. Alipomfikia Shigeno fimbo haikusimama. Ilimpita kama inavyopita nguzo.

"Kumi na wawili," akasema.

Shigeno akadhani mzee amepotewa, akamwambia kwa adabu kwamba wako kumi na watatu. Ihachi akajibu kwamba wanaume ni kumi na wawili. Mwanamke hahesabiwi mlimani. Akihesabiwa, Mama wa Mlima anaona wivu. Itabidi achongwe Sansuke. Mti wake uko kule ukingoni, msonobari wa sindano tano, anakwenda kuukata, wamsubiri.

Ndipo Shigeno alipokasirika. Si kwamba desturi hiyo alikuwa haijui. Mwaka wake wa kwanza wa kupanda, miaka ishirini na mmoja nyuma, ni Ihachi huyuhuyu aliyeitafutia njia: akamvalisha suruali, akampa jina la kiume, Shigezo, akamnyooshea Mama wa Mlima samaki mkavu mwenye sura mbaya kupita wote anayemweka kifuani, ili acheke kuona sura mbaya kuliko yake na kusahau kuchunguza. Tangu siku hiyo, kutoka kwenye sanduku lile kwenda juu, aliitwa Shigezo na alihesabiwa. Alikuwa akijivunia jambo hilo kuliko vyumba vyake tisa. Akamwambia Ihachi mbele ya wote kwamba Shigezo yuko hapa, ana miguu, ana koleo, na amekuwa mtu miaka ishirini na mmoja; leo ni nini kimemtoa kwenye hesabu?

"Leo sijamhesabu," akasema Ihachi. Akachukua msumeno na koleo dogo la chuma, akaingia kwenye miti upande wa Manaita.

Tomekichi aliketi juu ya mzigo wake, akatoa tonge la wali na figili iliyokaushwa kwa moshi, akaitafuna kwa sauti. "Pole, shemeji," akasema. "Umepanda na miguu, utateremka huna hata kivuli."

Wengine wakacheka. Shigeno hakucheka. Alitazama ukingo wa Manaita, ambako jua lilikuwa limeshapaka ule mkunjo wa theluji rangi ya samli. Mstari wa mwanga ulikuwa unateremka polepole. Nusu saa ikapita. Tomekichi alikuwa ameshaanza kueleza ni kwa nini mzee anachelewa, na maelezo yake yalirudi palepale walipopazoea wote: miaka mitatu nyuma.

Miaka mitatu nyuma, mahali hapohapo, Ihachi alisimama akasema, "Leo sipapendi." Hakuweza kueleza zaidi ya hapo. Wanaume wakabishana naye, wakaamua kwa kunyoosha mikono, na mikono ikanyooka kwenda. Shigeno naye alinyoosha wake. Wakavuka mmoja mmoja, hakikutokea kitu, wakala chakula cha mchana Iwanoyu na kuoga maji ya moto. Mzee alivuka wa mwisho. Tangu siku hiyo Tomekichi alimwita Mzee Sipapendi, na jina likashika. Hata mwenye duka alikuwa anamuuliza anapochagua kabichi kama anaipenda au haipendi. Ihachi alikuwa anatabasamu tu, lakini hakulisema neno lile tena.

"Sasa amepata kisingizio kingine," akasema Tomekichi. "Anachonga sanamu kwa msumeno wa saa nzima. Shemeji, kama unalitaka paa lako, kamfuate. Mimi akiniona atanigeuza mimi Sansuke."

Shigeno akainuka. Alikuwa na maneno yake tayari, ameyapanga kama vikombe kwenye sinia.

Alifuata nyayo za mzee ndani ya miti, kama hatua mia mbili, hadi mahali ambapo miti ya buna inakuwa haba na mteremko unaanza kuinama kama Manaita wenyewe, ila ni padogo na chini yake kuna magogo, mtu hawezi kuchukuliwa mbali. Hakuona msonobari uliokatwa. Hakusikia msumeno. Aliona lundo la theluji mbichi, na juu ya lundo kofia ya Ihachi. Mzee mwenyewe alikuwa shimoni, amezama hadi mabegani, anapapasa ukuta wa theluji kwa viganja kama mtu anayetafuta swichi ya taa.

"Mti uko wapi?" akauliza Shigeno.

"Mfukoni."

Kwenye mfuko wa turubai uliolala kando ya shimo, Sansuke alikuwa tayari. Urefu wake ulikuwa kama wa mkono kutoka kiwiko, ana macho, ana pua, na mdomo wa kunyooka usio na furaha wala hasira. Mti wenyewe ulikuwa umeshaanza kukauka pembezoni. Si kazi ya leo.

"Nilimchonga jana, ulipotoka kwangu," akasema Ihachi. "Uliniambia wanaume kumi na wawili."

"Kwa hiyo jana ulishajua hutanihesabu."

"Jana nilijua kuna mvua inakuja na kuna shimo la kuchimba. Theluji ingekuwa nzuri, ningekuhesabu kama siku zote, na huyu angebaki mfukoni nikamrudisha nyumbani. Si nzuri."

Shigeno akatazama chini. Vile vikombe vyote vilikuwa vimepoteza sinia yao. Akamuuliza kwa nini basi hakusema waziwazi, pale kibandani, kwamba si nzuri.

"Nilikwisha kusema, siku ile. Wewe mwenyewe ulinyoosha mkono." Hakusema kwa uchungu, alisema kama anayetaja siku ya soko. "Nikisema sipapendi, watacheka, watavuka. Nikisema kumi na wawili, hata Tomekichi atakaa chini. Haamini, lakini hatakuwa yeye wa kwanza kuvuka. Shuka, uone."

Akashuka. Ukuta wa shimo, ulipokatwa wima na kusafishwa kwa glavu, ulikuwa na mistari kama ubavu wa keki. Juu kulikuwa na theluji ya upepo, imeshikana, koleo linatoa sauti. Chini yake, usawa wa kiuno, ulikuwapo mstari mwembamba wa kijivu. Ihachi akaukwangua kwa ukucha, zikamwagika chembe kubwakubwa, kavu, hazishikani hata ukizifinya, kama sukari ya mawe iliyosagwa vibaya. Shigeno alizijua. Wiki ya mwisho ya mwezi wa kwanza kulikuwa na usiku sita wa baridi kali na nyota, na kila asubuhi uso wa theluji uliota manyoya ya barafu yanayometameta. Yeye mwenyewe alimwita jirani yake waje wayatazame yalivyopendeza. Kisha theluji ya siku kumi na moja ikayafunika. Yalikuwa humu bado, yamelala kama yalivyolala, na uzito wote ule juu yake.

Mzee alikuwa amechonga nguzo ya theluji, imetengwa pande zote, unene wake kama ndoo. Akamwambia aikumbatie, aivute kidogo, si kwa nguvu, kama anavyomvuta mtoto aliyelala.

Shigeno akapitisha mikono nyuma ya nguzo. Hakuvuta. Alikuwa bado anatafuta pa kuweka mashavu yake pale sehemu ya juu ilipokatika kwenye ule mstari wa kijivu, sawasawa kama iliyokatwa kwa uzi, ikamjia kifuani yote kwa pamoja. Ilikuwa nzito. Alibaki ameikumbatia, hajui aiweke wapi.

"Nimejaribu mara tatu," akasema Ihachi. "Mara zote tatu inakuja yenyewe."

Shigeno akaiacha ianguke miguuni. Mawazoni alikuwa anaiona nyumba yake. Aliliona gogo la mwerezi alilosimamisha seremala, na ufa unaokimbia juu yake hadi jikoni. Akasema, "Boriti ina ufa, mzee."

"Najua."

"Na mvua ni kesho."

"Najua. Mimi nilisaidia kuipandisha boriti ile, wakati wa mama mkwe wako." Akapangusa theluji kwenye nyusi. "Sasa sema wewe. Mwanga haujafika katikati ya Manaita. Nikirudi pale nikasema nimekosea, Shigezo yupo, tuko kumi na watatu, tunavuka sasa hivi. Huenda tukavuka. Siku ile tulivuka, na theluji ya siku ile nayo ilikuja yenyewe mikononi. Nilichimba kesho yake, peke yangu."

"Hukumwambia mtu."

"Wangesema nini? Tulikuwa tumeshakula na kuoga."

Shigeno akawafikiria wanaume mmoja mmoja, na uzi mwekundu ukiburutika nyuma ya kila mmoja. Alikuwa amepita majumbani mwao jana jioni, wake zao wakimkaribisha chai, na hakuna mlango uliomkatalia. Akamfikiria Tomekichi, ambaye angevuka akipiga soga peke yake katikati ya ule weupe. Kisha akamfikiria yule mtu mwingine, Shigezo, aliyesimama asubuhi ile mbele ya wote akidai haki yake. Huyo ndiye aliyekuwa wa kuachwa hapa. Hakudhani angemwonea huruma kiasi hicho.

"Usirudi haraka," akamwambia mzee. "Washa kiko chako. Piga msumeno kidogo kwenye gogo lolote, wasikie."

Aliporudi kibandani waliona uso wake wakanyamaza, wakidhani amegombana. Tomekichi akauliza kama Mzee Sipapendi amekubali.

"Mzee amesema kweli," akasema Shigeno. "Mimi sihesabiki. Tuko kumi na wawili, tunamsubiri Sansuke."

"Shemeji, asubuhi yote umetupigia kelele kwamba wewe ni Shigezo."

"Nilikosea. Suruali ni ya kaka yako. Ndani yake ni mimi."

Hilo liliwafurahisha sana. Walicheka hadi mmoja akamwaga chai, na Shigeno akawamiminia wengine, mikono yake imetulia. Kutoka kwenye miti ulianza kusikika msumeno, polepole, wa mtu asiye na haraka. Mstari wa jua ukafika katikati ya Manaita, ukapita, ukafika chini. Theluji ikawa inang'aa hata haitazamiki. Ihachi alipotokea na Sansuke mkononi, saa sita ilikuwa inakaribia, na kila mtu pale alijua mwenyewe, bila kuambiwa na desturi yoyote, kwamba saa hiyo hakuvukwi tena. Wakamgawia Sansuke tonge lake, wakateremka naye nyumbani.

Manaita haukuporomoka. Shigeno aligeuka mara tatu kuutazama. Ulikuwa umelala juani, mzuri, haujatikisika, na kunguru mmoja alikuwa anauvuka peke yake bila kuhesabiwa na mtu. Njia nzima Tomekichi aliongea.

Mvua ilinyesha kesho yake tangu saa nne asubuhi. Shigeno alikaa sebuleni, miguu ndani ya blanketi la meza iliyowekewa jiko chini yake, akaisikiliza ikipiga kwenye paa la kijijini. Alijaribu kushona. Kila matone yalipokuwa mazito alishika kitambaa bila kuchoma sindano, halafu anaendelea. Binti yake alipiga simu kutoka Sendai kuuliza habari za nyumba, akamjibu kwamba hajui, na kwamba kwa sasa kutojua kunatosha.

Baridi ilirudi, ikakaza kila kitu. Siku ya tatu baada ya mvua walipanda tena, watu walewale. Kwenye sanduku la ibada Ihachi alihesabu kwa fimbo, wanaume kumi na wawili, na Sansuke, aliyekuwa mgongoni mwa Shigeno, akawa wa kumi na tatu. Shigeno fimbo ilimpita.

Wakatoka kwenye miti, wakasimama.

Ule mkunjo wa juu haukuwapo tena. Kutoka ukingoni hadi bondeni Manaita ulikuwa umechunika, umebaki uso mgumu wa kijivu, na pembeni, tangu upande mmoja hadi mwingine, palikuwa na ukuta uliokatwa wima, kimo cha kiuno, sawasawa kama uliokatwa kwa uzi. Chini palirundikana mabonge makubwa kama makabati, yameganda kama saruji, na katikati yake yalichomoza mashina ya miti ya buna, manene kuliko mapipa, yamemenywa magome. Haikujulikana ulishuka lini. Huenda usiku wa mvua, huenda asubuhi yake. Mvua ilikuwa inapiga kelele mno kijijini kwa mtu kusikia.

Walivuka mmoja mmoja hata hivyo, kamba zimelegezwa, kwa sababu ndivyo wanavyovuka. Ulikuwa uvukaji rahisi kuliko wote Shigeno aliowahi kuvuka. Kilichokuwa cha kushuka kilikuwa kimeshuka. Tomekichi alipofika ng'ambo aligeuka akautazama ule ukuta uliokatwa. Kisha akasema kwamba tusidanganyane, huu umeshushwa na mvua. Ile asubuhi ya kwanza mvua haikuwapo. Wangevuka, wangefika, wangelisafisha paa.

"Huenda," akasema Shigeno.

Iwanoyu ilikuwa imesimama nusu. Boriti ilivunjika pale kwenye ufa, ikaangukia jiko na vyumba viwili vya nyuma. Theluji ilikuwa imejaa ndani hadi kwenye rafu, na sufuria moja ilikuwa imekaa juu yake wima kama iliyopakuliwa. Lakini gogo la seremala lilishikilia upande wa mbele. Vyumba saba vilikuwa vizima. Bwawa la mawe lilikuwa linafuka mvuke wake kama kwamba hakuna lililotokea. Shigeno alizunguka nyumba mara moja, akaingia jikoni, akaichukua ile sufuria, akatoka nayo. Wanaume hawakumtazama. Walishapanda paani na makoleo, na wakafanya kazi mpaka jasho likawaganda kwenye kola. Tomekichi alichukua upande wa jikoni, mbaya kuliko zote, bila kuombwa. Alipopumzika alisema, bila kumwelekea mtu, kwamba wangekuja siku ile, jiko lingekuwapo.

Shigeno alikuwa anachemsha supu nje kwenye ile sufuria. Mikononi mwake bado alikuwa nao uzito wa ile nguzo, namna ilivyomjia kabla hajavuta. Hakuwa na jinsi ya kumwonyesha mtu kitu kama hicho, na hakujaribu. Akampelekea bakuli la kwanza.

Walirudi jioni haijaingia. Kwenye sanduku la ibada wanaotoka mlimani nao huhesabiwa, halafu Sansuke huachwa pale, kazi yake imekwisha. Shigeno alimtoa mgongoni akamsimamisha kwenye theluji. Mtu alikuwa amemfunga taulo dogo shingoni, la bluu, lenye alama ya posta.

Ihachi akavua kofia, akapita na fimbo yake akigusa mabega, midomo ikicheza. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Akainama akamgusa Sansuke kichwani: kumi na tatu. Akajinyoosha. Fimbo ikasogea, ikafika kwenye bega la Shigeno, ikatua pale, nzito kidogo, ikakaa.

"Kumi na nne," akasema, akavaa kofia yake, wakateremka.